Nyuzi Zisizoandikwa: Besi, Enanga na Uhakiki Wetu

Katika makala haya nakusudia kujadili jambo ambalo wenzangu wa semina wamekwisha kuniambia, baadhi kwa upole na baadhi kwa kicheko, kwamba si fasihi. Nakusudia kujadili tumbo la gitaa, na hasa gitaa la besi la zamani, lile ambalo ndani yake mna uwazi. Na kutoka hapo nifike kwenye enanga ya Wahaya, ambayo nayo ni uwazi uliofungwa nyuzi. Madai yangu ni kwamba sisi wahakiki wa fasihi simulizi, tangu walimu hadi wanafunzi wao, tumeyaandika maneno ya tendi na kuziacha nyuzi nje ya ukurasa, na kwamba kosa hilo si dogo kama tunavyodhani. Msomaji asiyependa muziki avumilie kidogo. Msomaji asiyependa tendi, sijui nimsaidieje.

Nianze na besi yenyewe, maana ndiyo iliyonipotosha.

Nyumbani kwetu ni Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, kule kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kila mkulima wa migomba na kahawa mkoani Kagera amekisikia. Babu yangu mdogo alipiga besi katika bendi ya baa pale Bukoba mjini miaka ya 1970, na bendi ilipokufa aliondoka na gitaa. Namna alivyoondoka nalo sitaieleza, kwa sababu tajiri wa vyombo huenda naye ana wajukuu wanaosoma jarida hili. Ni gitaa la rangi ya kahawa iliyokaangwa, mwili wake mwembamba, na kifuani lina matundu mawili yaliyokatwa kwa umbo la herufi f. Jina la kiwanda lilikwanguliwa kichwani zamani, kwa hiyo sijui kama ni la asili au ni la kuiga, na babu hajali. Nilipokuwa mtoto nililiona limetundikwa ukutani nikaamini kwamba ile ni enanga ya Wazungu. Sasa nimefika chuo kikuu, nimesoma nadharia kadha wa kadha, na nimerudi pale pale kwenye imani ya utoto.

Tuitazame historia kidogo. Besi ya umeme iliyoenea duniani kote ni ile ya Fender, Precision, iliyotoka mwaka 1951: ubao mzito usio na uwazi, na uzi wenye urefu wa inchi 34 kutoka daraja hadi kichwani. Hiyo ndiyo iliyoshinda soko. Lakini mafundi wengine hawakukubali kwamba umeme umeondoa haja ya tumbo. Huko Ujerumani kampuni ya Höfner ilitoa mwaka 1956 besi ya 500/1 yenye umbo la fidla, tupu kabisa ndani, nyepesi kama debe; ndiyo ile aliyoinunua Paul McCartney akiwa Hamburg mwaka 1961 na ulimwengu mzima ukaijua. Mwaka 1958 Gibson ya Marekani ikaja na njia ya kati, EB-2: mwili mpana wenye matundu ya f na uwazi mbavuni kote kuwili, ila katikati, kuanzia shingoni hadi kiunoni, umepitishwa mhimili wa mbao. Nyuzi zake ni fupi, inchi 30 na nusu. Dada yake aliitwa Rivoli, akiuzwa kwa jina la Epiphone, na Waingereza wakampenda sana: Chas Chandler wa The Animals alipiga besi za ukoo huu, na vivyo hivyo Paul Samwell-Smith wa The Yardbirds. Katikati ya miaka ya 1960 Guild nao wakatoa Starfire, ambayo Jack Casady wa Jefferson Airplane na Phil Lesh wa Grateful Dead waliipasua na kuitia vifaa vipya vya umeme mpaka ikawa mnyama mwingine.

Kwa nini mhimili ule katikati? Hapa ndipo penye utamu. Tumbo tupu husikia. Ukiliweka mbele ya spika kubwa, sauti ya spika huliingia, hulitikisa, likatikisika nyuzi, nyuzi zikarudisha sauti kwenye spika, na mara ukumbi mzima unalia kama ng'ombe anayechinjwa. Wapigaji wetu huita fidibeki. Ubao mzito hausikii chochote, kwa hiyo haulii. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haujibu. Mhimili wa mbao ndani ya tumbo lililo wazi ni suluhu ya watu waliotaka gitaa lisikie, ila lisisikie kupita kiasi. Mlio wake ni wa mviringo, unavimba na kuzimika upesi, kama ngoma iliyogongwa kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Wapo wanaouita mlio wa matope. Mimi nauita mlio wa mtu anayezungumza akiwa ameinama.

Nilimwuliza babu mdogo kwa nini hakulitupa gitaa lile besi za kisasa zilipoingia. Alinijibu kwa kifupi sana. "Mjukuu wangu, hili umeme ukikatika bado lina kitu cha kusema." Watu wa Bukoba wanaelewa jibu hilo bila maelezo. Ukilichomoa kwenye amplifaya, ukakaa nalo barazani, linasikika mpaka jikoni. Besi ya ubao mzito umeme ukikatika ni kasia tu.

Sasa nije kwetu sisi wahakiki. Rafu za maktaba zina tasnifu nyingi juu ya nyimbo za dansi: dhamira katika nyimbo za bendi fulani, nafasi ya mwanamke katika nyimbo za bendi nyingine, matumizi ya tamathali, na kadhalika. Nimezisoma si haba, nami nimejifunza mengi. Lakini ukizisoma zote mfululizo utadhani kwamba NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa kikundi cha watu waliosimama jukwaani na kusoma mashairi. Suleiman Mwanyiro, aliyepiga besi katika bendi hiyo ilipokuwa Msondo, hayumo. Hakuna besi wala rithimu humo. Hata jambo ambalo Mmarx yeyote angelikimbilia kwa shauku halimo: kwamba wapigaji wetu wengi hawakumiliki vyombo. Gitaa lilikuwa la chama cha wafanyakazi, la Urafiki kiwanda cha nguo, la Bima, la Polisi, la JKT, au la tajiri. Mpigaji aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Hivi, huoni kwamba hilo lina uhusiano na namna nyimbo zilivyotungwa, na kwa nini mitindo ilibaki na bendi ilhali watu walihamahama? Sisi tuliodai kwamba tunahakiki fasihi kwa misingi ya njia kuu za uzalishaji mali, tulikisahau chombo cha uzalishaji wenyewe.

Niliposema hivyo kwenye semina niliambiwa kuwa huo ni muziki, niende idara nyingine. Basi nikarudi nyumbani, si idara nyingine.

Enanga, kwa asiyeijua, ni kipande cha mti kilichochongwa kikawa kama sinia refu au kihori kisicho na kina kirefu. Juu ya uwazi huo hupitishwa uzi, kwa desturi wa mishipa ya ng'ombe, ukienda na kurudi kwenye meno yaliyochongwa huku na huku, hadi zinapatikana nyuzi saba au nane zinazolia tofauti. Mpigaji huketi, akailaza mapajani, akapiga kwa vidole vya mikono yote miwili. Ndugu zake wapo ng'ambo ya mipaka: inanga ya Rwanda na ya Burundi ni ya jinsi hiyo hiyo. Lakini msomaji asichanganye na ennanga ya Waganda, ambayo ni kinubi chenye shingo iliyopinda. Jina ni moja, chombo ni kingine, na nimewahi kuona mwandishi mmoja akiweka picha ya kimoja juu ya maelezo ya kingine bila haya.

Kwa enanga hii ndipo Wahaya waligani tendi zao. Sizungumzii nyimbo fupi za kusifu, ingawa nazo zipo. Nazungumzia simulizi ndefu za mashujaa, vita na wafalme, kama Rukiza na Kachwenyanja, na Mugasha mwenye ziwa. Mahali pake palikuwa ikulu ya mukama, na vilevile kwenye vikao vya wazee penye rubisi. Maruku si pageni kwa mambo ya ikulu. Katuruka, alipojenga mfalme Rugomora Mahe katika karne ya 17, iko humu humu. Kisha mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu. Siandiki haya kuwalilia wafalme. Ukabaila ni ukabaila hata ukiwa na muziki mzuri, na kule kwetu mfumo wa nyarubanja uliwafanya watu wengi wapangaji kwenye mashamba ya wakubwa. Lakini mwanahistoria wa fasihi hana budi kusema kwamba mghani wa enanga alipoteza mwajiri, kama vile mpiga besi wa bendi ya shirika alivyopoteza mwajiri shirika lilipokufa. Baada ya hapo mghani alibaki na harusi, pombe na redio.

Walioirekodi wapo. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake, Buhaya ikiwemo, na enanga zimo katika hazina aliyoiacha, ambayo tangu mwaka 1978 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Yaani mwanafunzi wa Bukoba anayetaka kumsikiliza babu wa babu yake lazima ajue njia ya kwenda Makhanda, mji ulioitwa zamani Grahamstown. Lakini kazi kubwa kuliko zote ni ya Profesa M. M. Mulokozi, yeye mwenyewe mtoto wa Kagera. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alikuwa ameandika katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika kwamba utendi si utanzu wa kawaida wa bara hili. Maneno hayo yaliwachoma wengi. Mwaka mmoja tu kabla yake, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikuwa wamechapisha utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo, uliotambwa na Candi Rureke. Mwaka 1979 akaja Isidore Okpewho na kitabu kizima cha kujibu. Mulokozi alijibu kwa enanga. Makala yake ya mwaka 1983 iliuliza kama waghani wa enanga ni wasanii wa utendi; tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 ilijibu kwamba ndiyo, bila shaka; na mwaka 1997 aliandika maisha ya Habibu Selemani, aliyezaliwa yapata mwaka 1929 na kufariki mwaka 1993, akimwita wa mwisho wa waghani hao. Bila kazi hiyo mimi nisingekuwa na la kuandika. Nikimkosoa, namkosoa nikiwa nimekaa mabegani pake.

Ukosoaji wangu ni huu. Kila mwanafunzi wa fasihi nchini ameisoma ile makala ya Mulokozi juu ya tanzu za fasihi simulizi katika *Mulika* namba 21 ya mwaka 1989. Ndiyo iliyotufundisha kutazama fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Na ndiyo iliyotupa neno ngomezi, yaani fasihi ya ngoma: ngoma inapopigwa kwa mapigo yanayobeba ujumbe badala ya maneno, hiyo ni sanaa ya lugha na inastahili utanzu wake. Tukashangilia, na haki yetu. Ngoma imepewa kiti. Lakini geuza ukurasa utazame upande wa ushairi. Maghani ya masimulizi, tendi zikiwemo, yanaelezwa kuwa ni yale yanayoghanwa yakiambatana na ala ya muziki. Yakiambatana! Ngoma inasema, enanga inaambatana tu, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni.

Hivi tofauti hii imetoka wapi? Nadhani imetoka kwenye karatasi. Ngomezi haina maneno, kwa hiyo mtafiti analazimika kuisikiliza ngoma, hana pengine pa kukimbilia. Utendi una maneno, na mtafiti akishayapata maneno anashukuru Mungu, anafunga mashine, anakwenda kuandika. Maneno yanachapika lakini nyuzi hazichapiki. Ndo mchezo wenyewe.

Nani aliwahi kuonyesha kwamba hili ni kosa? Ajabu, ni mtu ambaye tunamtaja kila siku kwa sababu nyingine kabisa. Albert Lord, katika *The Singer of Tales* cha mwaka 1960, alieleza yeye na mwalimu wake Milman Parry walivyowarekodi waghani wa Yugoslavia miaka ya 1930. Waghani wale hupiga gusle, chombo cha uzi mmoja. Sasa, mghani akiombwa kuweka gusle chini na kumsomea mwandishi maneno polepole ili ayaandike, mambo huharibika: mistari hulegea, mizani hupotea, na ushairi unaanza kuchanganyika na nathari, mpaka azoee. Tumekinukuu kitabu hiki kwa ajili ya fomula, fomula, fomula. Lakini ushahidi huu nao umo, nao unasema kwamba chombo kinaushika mstari usianguke.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, Burundi. Huko kuna namna ya kupiga inanga ambapo mghani haimbi bali ananong'ona. Mnong'ono hauna noti; ni pumzi tu. Jaribu mwenyewe kunong'ona wimbo wowote, utaona kwamba wimbo haupo. Lakini mnong'ono huo ukiwekwa juu ya sauti nzito za nyuzi, sikio la msikilizaji huviunganisha viwili hivyo, likasikia mtu anaimba. Mtaalamu wa sauti Cornelia Fales ameliandikia jambo hilo kwa kirefu. Sasa niambie, ndugu mhakiki, ukiandika maneno ya mnong'ono ule katika daftari lako umeandika nini? Umeandika nusu ya silabi. Nusu nyingine ilikuwa kwenye mti.

Na hapa besi inarudi. Kazi ya besi katika dansi ni ile ile. Hakuna anayekwenda baa kusikiliza besi, na mtu akiulizwa ni wimbo gani ule atakuimbia sauti ya mwimbaji au ya solo. Lakini mpigaji akikata uzi katikati ya sebene, wachezaji wanasimama kabla hawajajua kwa nini wamesimama. Babu mdogo anasema aliwahi kufanya hivyo kwa makusudi, usiku mmoja, kwa sababu mwimbaji alikuwa amemtolea maneno ya kejeli jukwaani. "Nikatoa vidole. Nikamwacha aimbe peke yake, waitu. Akawa kama mtu anayegombana barabarani."

Kiruhaya, tena, ni lugha yenye toni. Neno likipandishwa pasipopasa linakuwa neno jingine. Kiswahili hakina tabia hiyo, na sisi tunaofasiri tendi kwa Kiswahili au Kiingereza tunafasiri kutoka lugha ambayo ndani yake maneno tayari yana ngazi za kupanda na kushuka, kwenda lugha isiyo na ngazi. Mghani wa enanga analazimika kuupatanisha mwendo wa nyuzi na mwendo wa toni, la sivyo maana inapotea. Huo ni ufundi wa fani kwa maana kamili ya neno fani, ile tunayoiandika kwenye mtihani. Peter Seitel, aliyekusanya hadithi za Wahaya na kuchapisha kitabu chake cha mwaka 1980, alijaribu angalau kuonyesha kwa mpangilio wa herufi mahali ambapo sauti ya mtambaji ilipanda, ilishuka au ilinyamaza. Hizo zilikuwa hadithi, si enanga. Lakini jaribio lilikuwapo, na sijui kwa nini tulilichukulia kuwa pambo la Mmarekani.

Msomaji ataniambia: hata hivyo maneno ndiyo yanayobeba historia, nyuzi zinabeba historia gani? Swali zuri. Ngoja nimjibu kwa jambo la Maruku yenyewe. Wazee wa Katuruka walikuwa wakisimulia kwamba Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, na kwamba mambo hayo yalikuwa chini ya mti mkubwa uitwao Kaiija, jina linalohusu mahali pa uhunzi. Mwanahistoria wa maandishi angeiweka hadithi hiyo pamoja na za sungura. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, mwaka 1970 alichimba pale walipomwonyesha, akakuta mabaki ya ufuaji chuma, yaliyopimwa na kuonekana yametangulia kuzaliwa kwa Kristo kwa karne kadhaa, yapata mwaka 500. Rugomora Mahe ni wa juzi tu ukilinganisha. Kumbukumbu ya uhunzi ilikuwapo pale kwa zaidi ya miaka elfu mbili, ikapandikizwa katika hadithi ya mfalme mmoja. Swali langu: ilishikwa na nini muda wote huo? Maneno yalibadilika, mfalme alibadilika, nasaba zilibadilika. Mahali hapakubadilika, na jina la mahali lilibaki na mti juu yake. Kumbukumbu ya Maruku haikukaa kinywani peke yake. Ilikuwa na kitu cha kugusa.

Enanga ni kitu cha kugusa. Sisemi ina umri wa tanuri zile. Nasema mghani aliyelelewa kwenye utamaduni huo hakuutunza utendi kichwani kama sisi tunavyotunza nukuu za kujibia mtihani. Aliutunza vidoleni.

Hili sikulisoma popote. Nililiona likizo iliyopita. Nilikuwa nimekwenda kwa babu mdogo na daftari, nikijua kwamba baba yake alikuwa mpiga enanga wa mitaa, si mtu wa ikulu wala wa redio, ila mtu wa kuitwa penye pombe ya harusi. Baada ya shikamoo na ndizi nikamwomba anitajie maneno ya utendi mmoja ambao baba yake alikuwa akiupiga. Akafikiri. Akanipa mistari minne. Nikaandika. Akafikiri tena, akanipa kisa kwa ufupi, kama mtu anayeeleza sinema: basi yule bwana akaondoka, akafika, wakapigana. Nathari tupu. Nikamwuliza, "Babu, na maneno yenyewe?" Akasema amesahau, uzee, nisimsumbue.

Jioni umeme ukakatika, kama kawaida yake. Akaliteremsha lile gitaa ukutani, akaketi barazani, akaanza kulichezea tu, uzi wa chini na unaofuata. Halafu akaacha kulishika kama gitaa. Akalilaza mapajani, matundu juu, akawa anazigusa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Nyuzi nne si nane, na zimefungwa kwa namna nyingine kabisa. Akawa anazungusha vifunguo, anasikiliza, anazungusha tena, mpaka besi ile ya Wazungu ikaacha kulia Kizungu. Na maneno yakaja. Hayakuja yote, ila yalikuja mengi, yakiwa katika mistari, na palipokuwa na pengo hakusimama: vidole viliendelea kuzunguka pale pale, mara tatu, mara nne, mpaka mstari ukapatikana. Bibi alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa hajausikia utendi ule, alisema, tangu mkwe wake azikwe.

Enanga ya mkwe huyo niliiona kesho yake. Ilikuwa ghalani, haina uzi hata mmoja, imewekewa mbegu za maharage. Miaka yote nilikuwa nikiiona na kudhani ni kihori cha kulishia kuku.

Nilirekodi kwa simu dakika kumi na nne. Nimeyanakili maneno na kuyafasiri, nayo yatatoka katika toleo lijalo la jarida hili, Mungu akipenda. Mhariri amekwisha kunirudishia nakala mara moja. Ameniuliza kwa nini nimeacha nafasi tupu kati ya mistari, mahali pengine kidole kimoja, mahali pengine nusu ukurasa, na kwamba karatasi ni ghali. Nimemweleza kwamba hapo babu alikuwa anapiga. Ameomba aziondoe ili utendi uenee kurasa mbili. Nimemwambia aondoe maneno kwanza.

Bado hajanijibu.